Kwa nini Uingereza hairuhusiwi kulala na motohomu kando ya bahari?

#1 Mpwani_Reading
Wakuu, salaam. Tumekodi motohomu, lile gari lenye vitanda na jiko ndani, kwa wikendi ndefu ya mwisho wa Agosti, mimi na mama watoto na wanetu. Tunatoka Reading, tunashika barabara kuu ya M3, tunalala New Forest, kisha Lulworth kuiona Durdle Door, lile tao la mwamba baharini, halafu Chesil na Lyme Regis. Ni ile pwani ya Dorset na Devon Mashariki, kilomita 155, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Juzi nilitangulia na gari dogo kuikagua njia. Karibu kila maegesho yanayotazama bahari nimekuta moja kati ya mawili. Ama bango la kukataza kulala usiku, ama ile boriti ya chuma ya njano iliyokingama juu ya lango, mita 2.1, na vibati vinaning'inia chini yake ili ukivigusa usikie kelele kabla paa halijang'oka. Gari tulilokodi linakaribia mita 3 kwenda juu, kwa hiyo hata mchana kuingia kununua aiskrimu hatuwezi.

Mimi nimekulia Tanga. Wavuvi wakienda dago, yaani kambi ya uvuvi mbali na kwao, hulala pwani ya watu wiki nzima na hakuna anayewafungia njia. Hapa familia yenye choo chake, maji yake na taa zake inafukuzwa usiku mmoja tu. Naomba mwenye kujua anieleze: hili katazo limetoka wapi na linamlinda nani?

#2 Dereva_Mstaafu
Karibu barabarani. Jibu fupi ni sheria ya 1960 ya maeneo ya karavani, zile nyumba za magurudumu. Mwenye ardhi haruhusiwi kuifanya ardhi yake mahali pa kulala watu kwenye karavani bila leseni ya halmashauri, na motohomu inahesabiwa humo humo. Halmashauri yenyewe ikitaka kufungua maegesho yake usiku inaingia kwenye mlolongo wa vibali, choo, maji na nafasi ya mita 6 kati ya gari na gari kwa ajili ya moto. Rahisi kwao ni kuweka bango. Hakuna chuki, ni makaratasi tu.

#3 Kijana_wa_Mtoni
Mbona sheria inaruhusu? Kuna kifungu cha 34 cha sheria ya barabara ya 1988, unaweza kutoka nje ya barabara hadi yadi 15 ukaegesha. Nilisoma mahali. Wewe ingia kwenye majani, zima taa, lala.

#4 Wakili_wa_Kijiweni
Kijana wa #3, umesoma nusu. Kifungu kinakataza kuendesha gari kwenye ardhi isiyo barabara bila idhini. Hizo yadi 15 maana yake ni kwamba ukitoka kidogo ili uegeshe, hutashtakiwa kwa kosa hilo la kuendesha. Haikupi haki ya kukaa hapo. Ardhi ina mwenyewe, na mwenyewe akija saa nane za usiku akasema ondoka, utaondoka.

Ila tuwe waadilifu: kulala ndani ya gari kando ya barabara si kosa lenyewe kwa lenyewe. Kinachofanya liwe kosa ni amri ya halmashauri kuhusu eneo lile. Ndiyo maana bango lazima mlisome lote, na maandishi madogo ya chini. Na anayekunywa aelewe kwamba ukilewa ndani ya motohomu iliyoegeshwa barabarani, funguo unazo, unaweza kushtakiwa kwa kuwa na gari chini ya mamlaka yako ukiwa umelewa, hata kama hukuliwasha.

#5 MamaNaila
Mimi naishi Bournemouth na nafanya kazi za zamu, naomba mnisikilize na mimi mkaaji. Miaka ile ya korona watu waliposhindwa kwenda Hispania walimiminika huku wote. Asubuhi natoka zamu ya usiku nakuta magari yamejipanga barabara nzima, mtu anafungua kizibo anamwaga maji ya vyombo kwenye mfereji wa mvua unaokwenda moja kwa moja baharini. Mwingine nilimwona kwa macho yangu amebeba kaseti ya choo, kile kisanduku cha uchafu, anatafuta pa kuimwaga. Watoto wetu wanaogelea pale pale.

Kwa hiyo #2 sikubaliani kwamba ni makaratasi. Watu wa mtaa walilalamika mpaka wakasikilizwa. Ndugu yangu wa #1 najua wewe ni mstaarabu, ila bango haliwezi kuchagua mstaarabu na asiye mstaarabu.

#6 Mla_Ugali_Leeds
Sababu ni hoteli jamani, tusizunguke. Mji wa pwani unaishi kwa wageni wanaolipia vitanda. Mtu akija na kitanda chake, jiko lake na mkate wake, mji unapata nini? Wenye nyumba za wageni ndio hao hao wanaokaa kwenye vikao vya halmashauri. Scotland hakuna upuuzi huo, unalala popote. Na hata huku Dartmoor, ile nyika ya Devon, mahakama imeshasema mwaka 2025 kwamba kulala ni ruksa.

#7 Wakili_wa_Kijiweni
Mla_Ugali, nakuheshimu lakini hayo mawili hapana. Sheria ya Scotland ya 2003 inampa haki mtu wa miguu, wa baiskeli, wa farasi, hata wa mtumbwi. Vyombo vya moto vimetolewa waziwazi. Watu wanalala kwenye magari kule kwa kuvumiliwa tu.

Na Dartmoor, kweli Mahakama ya Juu ilitoa hukumu Mei 2025 na wenye ardhi wakashindwa. Lakini kesi ilihusu anayepanda mlimani na begi mgongoni na hema lake. Ukienda na tani 3 na nusu za motohomu ukawaonyesha hukumu hiyo, utakuwa umebeba karatasi ya mtu mwingine.

#8 Mla_Ugali_Leeds
Sawa Wakili, hayo ya sheria nimekuachia. Hoja ya hoteli hujaigusa.

#9 Nyota_ya_Mrima
Kuna jambo mnalikwepa. Zile boriti za njano hazikuwekwa kwa ajili ya familia ya Reading. Ukiwauliza wazee wa huku watakwambia wenyewe: ziliwekwa kuwazuia Wajipsi na Wasafiri wa Kiairishi, watu ambao kuishi kwenye magari ndiyo maisha yao ya vizazi. Hiyo sheria ya 1960 aliyoitaja #2 ndiyo iliyozipa halmashauri nguvu ya kuwafungia viwanja vya wazi walikokuwa wakipiga kambi. Mwaka 1968 halmashauri zikalazimishwa kuwatengea maeneo, mwaka 1994 lazima hiyo ikaondolewa. Na 2022 ikaja sheria nyingine: ukikaa na gari kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa, ukasababisha uharibifu au usumbufu mkubwa na ukakataa kuondoka, ni jinai, na gari linaweza kuchukuliwa.

Mtalii wa motohomu amekuta mlango umeshafungwa kwa ajili ya mtu mwingine. Mimi nafundisha shule ambayo ina watoto wa jamii hiyo, nawaona wanavyohamishwa katikati ya muhula, na linaniuma. Tukilalamikia boriti tulalamike pia kwa ajili yao.

#10 Dereva_Mstaafu
#9 umenena jambo zito. Lakini maegesho mengi ya supamaketi na hospitali yana boriti hizo hizo, na kule sababu ni malori na watu wa kutupa takataka. Si kila boriti ina historia hiyo.

#11 Nyota_ya_Mrima
Si kila boriti, ndiyo. Nyingi za pwani na za viwanja vya michezo, ndiyo.

#12 FundiBetri
Wakati wanasheria wanaendelea, nimsaidie ndugu na safari yake, maana Agosti haingoji hukumu.

Umeme wa kambini mara nyingi ni ampia 10 au 16. Ampia 10 kwa volti 230 ni wati 2,300. Birika la nyumbani ni karibu wati 3,000. Ukilichomeka, umeme unakatika, na wakati mwingine msimamizi keshalala. Nunua birika dogo la safari au chemsha kwa gesi. Ile kebo ya chungwa ifungue YOTE hata kama nguzo iko mita 3 kutoka mlangoni, irundike chini ya gari kwa kuilegeza. Ikibaki imeviringika kwenye gurudumu lake na mnatumia hita, inapata moto mpaka plastiki inayeyuka. Nimeibadilisha ya mteja ikiwa imeshikana kama chapati zilizosahauliwa kwenye sufuria.

Gesi: mtungi wa butane ukikaribia nyuzi sifuri hautoi gesi, propane inavumilia baridi kali. Kwa Agosti vyote sawa, ila wenye mpango wa Februari wajue. Friji ya gesi inataka gari likae sawa, kwa hiyo zile ngazi ndogo za plastiki za kupandishia tairi si pambo.

Na mvua ikinyesha omba nafasi ya kokoto, si ya majani. Motohomu nyingi zinavuta kwa tairi za mbele huku uzito uko nyuma. Kwenye majani mabichi zinazungusha tope tu.

#13 Binti_Ukerewe
Asante fundi. Naomba kuuliza, leseni ya Tanzania inafaa?

#14 Kijana_wa_Mtoni
Leseni yoyote ya gari dogo inafaa, motohomu ni gari tu.

#15 Dereva_Mstaafu
Kijana, polepole. Mgeni au aliyehamia anaweza kutumia leseni ya Tanzania kwa miezi 12 tu tangu aingie kukaa, baada ya hapo lazima afanye mtihani wa hapa. Wakodishaji nao wana masharti yao ya umri na ya muda uliokaa na leseni, waulize kabla ya kulipa.

Kuhusu uzito: aliyefaulu mtihani wa gari dogo hapa kabla ya tarehe 1 Januari 1997 anaruhusiwa mpaka tani 7 na nusu. Aliyefaulu baada ya hapo, kwa gari la mafuta mwisho wake ni kilo 3,500. Na hizo 3,500 ni pamoja na watoto, baiskeli, na maji. Lita 100 za maji ni kilo 100. Wengi wanajaza tangi nyumbani, wakati bomba liko kambini.

#16 Bi_Shamsa
Asalaam alaykum nyote. Mimi nna langu moja kwa ndugu zangu Waislamu. Mkifika pwani mtataka samaki na chipsi, hamtojizuia, harufu ile ya siki inakuvuta toka mbali. Kusini duka nyingi zinakaanga kwa mafuta ya mimea. Kaskazini, khasa Yorkshire, desturi yao ni mafuta ya ng'ombe, na ndo wanajisifia kwayo. Ng'ombe hakuchinjwa kwa bismillahi, basi samaki wako halali katiwa katika mafuta ya mashaka. Sie tulifika Whitby, tushapanda zile ngazi 199 hadi kule kwenye magofu ya abasia, nyumba ya watawa wa kale, watoto wana njaa, duka tatu za mwanzo zote jawabu lao "ng'ombe". Ulizeni kabla ya kupanga foleni. Hawachukii kuulizwa, wameshazoea.

Na shakwe wale msiwaonee huruma. Mmoja alimnyakulia mwanangu kipande cha samaki mkononi, kwa nyuma, bila hata kumgusa kidole.

#17 Mla_Ugali_Leeds
Bi Shamsa, hayo mafuta ndiyo utamu wenyewe wa Leeds. Na samaki wa huku ni haddock, kusini wanawapa cod iliyolegea.

#18 Bi_Shamsa
Utamu ni wako, mwanangu. Dini ni yangu.

#19 Mzee_wa_Bamvua
Nimeusoma uzi tangu mwanzo na hakuna aliyemuuliza huyu ndugu kuhusu maji. Mtu wa Tanga anadhani anaijua bahari. Kwetu, bamvua kubwa, maji yanapanda na kushuka kama mita 4. Mkono wa bahari wa Bristol, bamvua inafika mita 14 pale Avonmouth. Weston-super-Mare nilifika maji yakiwa yametoka, bahari sikuiona kabisa, ilikuwa mstari mwembamba wa fedha huko mwisho. Kati yako na maji ni tope linalomeza mtu hadi magoti na zaidi, na vibao vimewekwa. Kule Brean karibu na hapo magari huegeshwa juu ya mchanga, watu wakasinzia, maji yakaja. Hayaji kwa wimbi, yanakuja kwa kutambaa, tena yanakuzunguka kwa nyuma.

Kwa hiyo mimi naongeza sababu yangu: usiku, gari limeegeshwa pwani, ndani watu wamelala. Nani ataamka kuwaokoa? Halmashauri inajikinga.

Dorset uendako maji ni madogo lakini ni ya ajabu. Southampton maji yanajaa, yanasita, yanajaa tena. Portland kinyume chake, yanakupwa mara mbili. Chukua jedwali la maji la mahali husika, usikisie kwa mwezi peke yake.

#20 FundiBetri
Mzee, hizo mita 14 zinasababishwa na nini? Mimi niliambiwa ni umbo la faneli, mlango mpana kisha panabana.

#21 Mzee_wa_Bamvua
Faneli ni sehemu yake. Wako wanaosema kikubwa zaidi ni urefu wa mkono wenyewe pamoja na kina cha bahari ya nje, kwamba maji yaliyomo ndani yanachezeka kwa mpigo unaokaribiana na mpigo wa kujaa na kupwa, basi kila bamvua inasukuma palipokwisha kusukumwa. Mimi nina imani na la pili, maana mikono ya bahari yenye umbo la faneli ni mingi na haifiki huko.

#22 Kijana_wa_Mtoni
Kwa pwani ya Kiingereza Waswahili tuna historia pia. Sultani wa mwisho wa Zanzibar si aliishi Brighton?

#23 Bi_Shamsa
Si Brighton, mwanangu. Sayyid Jamshid aliishi Southsea, Portsmouth, baada ya mapinduzi ya 1964, miaka na miaka, mpaka 2020 ndo aliporuhusiwa kuhamia Oman. Kafariki Muscat mwisho wa Disemba 2024. Mamangu alikuwa akipita Southsea akisema mtu katoka Forodhani kaletwa hapa, bahari anayo mbele lakini upepo si wake.

#24 Bukavu_Leicester
Jambo kwenu wote. Mukienda mashamba ya katikati ya inchi, siyo bahari tu, mupite Newstead Abbey karibu na Nottingham. Chuma na Susi, wale waliobeba maiti ya Livingstone mpaka Bagamoyo, waliletwa Uingereza mwaka 1874, mazishi yamekwisha kupita tayari. Walikaa pale Newstead na wakaonyesha namna nyumba ya majani aliyofia ilivyojengwa. Mimi nilisimama kwenye bustani ile nikawaza sana juu yao, wanaume wawili wa kwetu kwenye baridi ile, wanaulizwa maswali kila siku juu ya mtu mwingine.

#25 Nyota_ya_Mrima
Asante sana Bukavu. Nitawapeleka wanafunzi.

#26 Mkulima_wa_Kent
Turudi kwenye swali la #1. Nafanya kazi shambani huku, na jibu langu ni ardhi. Mnaitaja "pwani" kana kwamba ni ya umma. Kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa, karibu nusu ni ya Crown Estate, inayosimamia mali za Ufalme. Nyingine ni ya halmashauri, ya National Trust (shirika la kuhifadhi urithi), ya watu binafsi. Hiyo Durdle Door anayokwenda kuipiga picha ni sehemu ya milki ya Lulworth ya familia ya Weld, maegesho ni yao, kambi ya juu ya mlima ni yao. Ukisogea mashariki kidogo ni uwanja wa mizinga wa jeshi. Kijiji cha Tyneham kilihamishwa Desemba 1943 kwa ajili ya mazoezi ya vita, wenyeji wakaamini watarudi, hawakurudi mpaka leo. Wikendi nyingi hufunguliwa, unaweza kuingia shuleni ukaona vigingi vya kutundikia makoti vina majina ya watoto. Nenda, ila angalia tarehe kwanza.

Nchi hii imempa haki mwenye miguu. Njia za miguu zinapita katikati ya ngano yetu, na bwana shamba hawezi kuzifunga hata akitaka. Mwenye magurudumu hajapewa kitu, na hilo ni la zamani kuliko hoteli na kuliko sheria ya 1960.

#27 Mla_Ugali_Leeds
Sasa Mkulima, kama mwenye ardhi ndiye mwenye kambi, si ndiyo hoja yangu ile ile? Anakufungia maegesho ili ulipie kambi. Hoteli, kambi, mfuko ni mmoja.

#28 Mkulima_wa_Kent
Halmashauri haina kambi Lulworth na bado imeweka mabango kwenye barabara zake. Hapo mfuko ni wa nani?

#29 MamaNaila
Ni wa sisi tunaolipa kodi ya halmashauri na kusafisha. Nimeshasema #5.

#30 Mpwani_Reading
Nawashukuru. Nimejifunza mengi kuliko nilivyotegemea. Mzee wa Bamvua, jedwali la maji nimepakua. Bi Shamsa, nitauliza mafuta.

Kuhusu dago, Wakili amenitumia ujumbe pembeni akasema hata dago mtu anaomba kwa wazee wa pale kwanza, na ni kweli, marehemu babu alikuwa anatanguliza kitoweo kwa mwenye pwani kabla hata ya kukausha nyavu. Lakini tofauti ninayoiona ni kwamba pale kulikuwa na mtu wa kumwomba. Hapa naongea na boriti.

Naomba mwenye kuijua Chesil anielezee, watoto wanataka kuogelea.

#31 Mtwana_wa_Mawe
USIOGELEE Chesil. Ufuko unashuka ghafla, hatua mbili tu na huna chini, na wimbi likirudi linakuvuta pamoja na mawe. Wapeleke Weymouth, mchanga laini, maji yametulia, mji wa kuogelea tangu Mfalme George III alipoanza kwenda huko mwaka 1789.

Chesil nenda kwa mawe. Ni tuta la kokoto lenye urefu wa kilomita 29. Anzia West Bay, chota kiganja kimoja: punje kama njegere, rangi ya asali, zinapita katikati ya vidole. Kadiri unavyokwenda kusini mashariki zinakua, mpaka Portland mwisho wake unakuta mawe laini ya kujaza kiganja, makubwa kama viazi, na mguu unazama kila hatua kwa kelele. Wavuvi wa zamani inasemekana wakitia nanga usiku wa kiza walikuwa wanajua wamefika wapi kwa kupapasa ukubwa wa kokoto. Msichukue hata moja, imekatazwa.

#32 FundiBetri
Nani kazipanga hivyo?

#33 Mtwana_wa_Mawe
Mawimbi, lakini namna gani ndipo watu wanapogombana. Mawimbi makubwa ya kusini magharibi yanasukuma kokoto zote kuelekea Portland, na yale madogo ya upande mwingine yana nguvu ya kurudisha ndogo tu, kwa hiyo kubwa zinabaki. Hayo ni maelezo ya kawaida. Wengine wanasema Portland mawimbi ni makali zaidi, kwa hiyo ndogo haziwezi kukaa hapo. Na wako wanaosema tuta liliundwa zamani bahari ilipokuwa inapanda baada ya zama za barafu na kazi kubwa ilifanyika wakati ule, leo tunaona marekebisho tu.

#34 Mzee_wa_Bamvua
Mawimbi peke yake? Na mkondo wa maji je? Portland kuna mkondo mkali, mabaharia wanauogopa.

#35 Mtwana_wa_Mawe
Mkondo ule mkali uko nje ya ncha ya Portland, mzee, si kwenye tuta. Ila sitabisha sana na baharia.

#36 Kijana_wa_Mtoni
Na New Forest je, farasi ni wa porini kweli?

#37 Mkulima_wa_Kent
Hapana, kila mmoja ana mwenyewe. Wenyeji wenye haki ya malisho huwaachia huru, desturi inayotokana na msitu aliouweka Mfalme William Mshindi mwaka 1079. Kuwalisha ni marufuku, na usiku wanasimama katikati ya lami wala taa haziwashtui. Endesha polepole.

#38 Nyota_ya_Mrima
Angalieni basi. Farasi wana haki ya kukaa njiani usiku kucha, na Msafiri hana. Ndilo ninalolisema tangu #9.

#39 Dereva_Mstaafu
Ndugu Mpwani, mwisho wa siku utalala wapi? Wikendi ile ya Jumatatu ya mapumziko kambi kubwa zinajaa mapema sana. Jaribu yale mashamba madogo ya wanachama. Vile vyama viwili vikubwa vya wapiga kambi na wenye karavani, kimoja cha 1901 na kingine cha 1907, vina ruhusa chini ya sheria ile ile ya 1960 ya kuidhinisha mashamba yapokee magari 5 tu bila leseni ya halmashauri. Unalipia uanachama, unampigia mkulima mwenyewe. Na barabara za huko ndani ya Dorset ni nyembamba, ua wa miti umepanda pande zote mbili. Kumbuka ulipoacha nafasi pana ya kupishana, maana ndiyo utakayorudi nayo kinyumenyume ukikutana na trekta.

#40 Mpwani_Reading
Nimepata! Shamba karibu na Bridport, magari 5, bomba moja, pa kumwagia choo papo, bafu hakuna. Mama mwenye shamba kaniambia kwenye simu nisiifuate ramani ya simu maili ya mwisho, nipite upande wa kanisa. Tunaondoka Ijumaa baada ya sala.

Ila Mla_Ugali, huyu mama ni mwenye ardhi na ananitoza nusu ya bei ya kambi kubwa. Hoja yako ya mfuko mmoja inamweka wapi?

#41 Mla_Ugali_Leeds
Muulize kama ana nyumba ya wageni pembeni. Halafu urudi hapa.